Mtandio wa Granaz

Mir Gazain, mkuu wa ukoo wetu, alisubiri mtoto wa kiume miaka na miaka, na alipochoka kusubiri akampa binti yake farasi na upanga. Basi. Granaz akawa ndiye mwana. Shahdost, mdogo wake, alipokuja kuzaliwa, dada mtu alikuwa ameshawashinda wajomba zake wote kwa kupanda farasi. Mama yao akafariki, na huyo mtoto akalelewa na dada, akilishwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Hakuolewa, Granaz. Wachumba walikuja, wakanywa maziwa mgando, wakaona anavyowatazama, wakakumbuka kwamba wameacha shughuli nyumbani.

Ugomvi wetu na watu wa Mir Sohrab ulikuwa wa maji ya mto Nari. Siku Mir Gazain alipouawa kivukoni, wanaume wetu walianza kugeuza farasi, na nasema wazi, walikuwa wanakimbia. Granaz alivaa kofia ya chuma ya baba yake akawapita kasi kwenda mbele. Kwa aibu tu wakamfuata. Alimwangusha mdogo wa Mir Sohrab, na yule kijana alipoomba aachwe, hakumwacha. Usiku Lashkran mwimbaji akaimba mbele ya moto kwamba Granaz si jike, ni dume, na mama yake alizaa wana wawili. Granaz akampa ngamia. Tusidanganyane, alipenda.

Shahdost akakua, akaoa. Mke wake, Mahpari, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwoga hata wa beberu, na kambi nzima ilimcheka. Hawakuwa wamemaliza mwaka pamoja wakati mchungaji mmoja alipokuja mbio asubuhi: Shahdost amezingirwa na watu wa Sohrab kule korongoni, yeye na wenzake wawili tu, na mguu umeshapigwa upanga. Wanaume wetu walikuwa mbali milimani na mifugo.

Likabaki jambo moja. Kwetu mwanamke akiingia kichwa wazi katikati ya wanaopigana, akatupa mtandio wake chini, panga zinarudi alani. Anayeuvuka mtandio ule hapewi tena maji wala mke.

Mahpari alikuwa ameshauvua wake. "Niache niende, wifi."

"Wewe? Wewe unayemkimbia beberu?"

"Beberu na hili wapi na wapi? Ni kwenda kuomba tu."

"Watakuona unatetemeka, watakucheka. Mimi wananijua. Kaa na vyungu vyako."

Akaacha upanga hemani, akapanda farasi, akaondoka. Yule aliyekuwa korongoni alikuwa kama mwanawe.

Alimkuta Shahdost ameegemea mwamba, damu imejaa kiatuni, bado anajikinga. Granaz akashuka, akafunua kichwa chenye mvi za kwanza, akautupa mtandio kati yao. Wakasimama wote. Shahdost akapumua. Kisha Mir Sohrab, mzee wa ndevu nyeupe, akasogea akautazama.

"Huu wa nani?"

"Wangu mimi, Granaz."

"Granaz ninayemjua aliniulia mdogo wangu akiwa anaomba aachwe. Siku ile ulikuwa mwanamke?"

Granaz akasogea kumkinga mdogo wake.

"Mwimbaji wenu alituimbia hadi ng'ambo ya mto kwamba wewe ni dume. Ukamlipa ngamia. Haya, niambie, mwanamke umekuwa saa ngapi?"

"Nichukue mimi, Mir. Mwache mtoto."

"Wewe nitakuja kukuchukua siku una upanga," Sohrab akasema, akauvuka mtandio.

Granaz akamrukia. Watu wawili wakamshika mikono, tena taratibu, kwa adabu, kama mwanamke anavyoshikwa, na ndivyo alivyoshuhudia mdogo wake akiuawa.

Walipowageukia wale wenzake wawili, Mahpari akatokea kwa miguu, pekupeku, amekimbia njia yote, anatetemeka mwili mzima. Akautupa mtandio wake, na panga zote zikashuka. Sohrab mwenyewe akainama, akauokota, akaukung'uta vumbi, akamfunika nao kichwa huku ameinamisha macho.

"Tumesimama, binti yangu," akasema. "Chukua watu wako."

Wale wawili wakaondoka wazima. Mahpari akaketi chini, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani. Granaz alipomsogelea, hakuinua uso.

"Nilikuambia ni kwenda kuomba tu," akasema.

Granaz aliishi mpaka akawa kikongwe, na hakuna aliyemkosea heshima. Lakini kila ugomvi ulipozuka na mwanamke akahitajika kwenda katikati, walilipita hema lake wakaenda kumwita Mahpari.