Swichi Usawa wa Kiuno

Juzi, kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Songea, nilimkuta mhandisi mmoja mstaafu wa jeshi akinunua waya.

"Shikamoo mzee. Kwani kwako umeme umeharibika?" muuzaji akamuuliza.

"Marahaba. Mzima kabisa. Nazishusha swichi zote." Akaweka kiganja usawa wa kiuno. "Mama yenu sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wake unafika hapa."

"Si unamwashia wewe?"

Mzee akasimama wima kama yuko kwenye gwaride. "Kambi nzima nimeiwashia taa. Huyu anataka kunizimia mwenyewe nikichelewa kulala, kama zamani."

Duka zima tukacheka. Wengi wetu tunajenga nyumba, mke aizoee. Huyu ameiamuru nyumba imzoee mkewe.