Mahali pa Yihya

Baba yangu, Zakaria Jarufi, alijifunza kusoma kichwa chini. Kwao Yemen kitabu kilikuwa kimoja, Torati iliyoandikwa kwa mkono, na watoto walikuwa watatu. Babu alikaa upande maandishi yalikosimama wima, Yihya upande wa kulia wa kitabu, Suleimani upande wa kushoto. Baba, kitindamimba, alikaa ng'ambo, herufi zikimjia miguu juu. Walisoma kwa zamu, kila mtoto aya yake.

Mwaka 1949, kambini Aden, wakisubiri na Wayahudi wenzao ndege ya kuhamia Israeli, waliambiwa waache vitabu, ni vizito kwa ndege, vingefuata kwa meli. Havikufuata. Yihya na Suleimani walikufa kwa homa kambini humo, na babu hakudumu baada ya kufika Israeli. Baba akabaki kuvunja mawe ya barabara, na kila alipopata nafasi aliingia ofisi hii na ile akiulizia kitabu. Makarani walimchoka.

Nilikuwa mtu mzima na watoto wangu siku jirani yetu Shalomu alipotandaza gazeti mezani kwetu. Baba alikaa mbele yake, shavu limejaa mirungi. Mara akalinyakua.

"We Zakaria, wazimu umekupanda? Nilikuwa nasoma waliokufa!"

"Hiki chetu!"

Ilikuwa picha ya ukurasa mmoja wa Torati ya Yemen, ya miaka mia tano, iliyohifadhiwa na kuchapishwa Yerusalemu. Baba aliitambua kichwa chini, kama alivyoizoea.

Tukaenda. Dokta Ehudi, mtaalamu aliyekichapisha, alikilaza kitabu juu ya mto mbele ya Baba. Baba akakigeuza.

"Mzee wangu, umekipindua."

"Nyamaza, mwanangu."

Akasoma aya moja, akanyamaza kitambo, akaruka mbili, akasoma tena. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa akiwaachia kaka zake zamu zao.

"Alama za vidole ziko wapi?" akauliza. "Hapa pembeni. Yihya hakuwa ananawa samli, mchafu yule."

"Uchafu wote tumeutoa," Dokta alijibu, tena kwa fahari. Alipouona uso wa Baba, akashusha sauti. "Mzee, mimi nakuamini. Lakini kilitufikia bila ukurasa wa jina la mwenyewe, na watoto wengi wa Yemen walisoma hivyo. Wakubwa nitawaambia nini?"

"Waambie mwenyewe kaja."

Nilitamani kupindua meza. Walipima ngozi, wakapima wino, wakajua kiliandikwa karne gani; kilichukuliwa mikononi mwa nani, hilo liliwashinda!

Tukarudi na nakala ya chapa, zawadi. Baba aliiweka katikati ya meza, akakaa ng'ambo yake.

"Zohara, kaa pale kwa Yihya. Haya, zamu yako."

Herufi zilikuwa zimelala ubavu. Niliinamisha shingo kuzifuata.

"Upande huu siujui, Baba."

Alisubiri. Kisha akaruka aya ya Yihya, akaruka ya Suleimani, akasoma yake.