Jogoo Aliyeuza Banda

Mdogo wangu wa kike yuko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi. Wageni wakipungua, huchora katuni za video za kuchekesha kwenye simu. Mwaka juzi alichora jogoo aliyeuza banda wakati mitetea wako malishoni. Wanarudi jioni, wanakuta kufuli. Jogoo anakohoa kidogo, anaweka kofia sawa, anawaambia, "Nimewatafutia sehemu yenye hewa nzuri."

Video ikasambaa, Kilosa nzima ikacheka. Nami nilicheka, mpaka mama alipoitazama akichambua mchicha.

"Huyo anakohoa kama nani?" akauliza.

Nikairudisha. Kilikuwa kikohozi cha baba, kile kinachotangulia uongo wake. Nyuma ya banda ulisimama mkonge uliopinda, ule wa mpakani mwa shamba letu la Rudewa. Na mtetea wa mwisho, aliyefunga kanga kiunoni, alikuwa mama mwenyewe.

Shamba hilo baba aliliuza bila kumwambia mtu. Mama alijua siku aliyokwenda kupalilia, akakuta vijana asiowajua wanachimba mashimo ya nguzo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Wakamwamkia kwa adabu, shikamoo mama, kisha wakamwomba apishe.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Nilitaka aone aibu," akasema. "Watu wacheke tu, yeye ndiye ajue."

Lakini baba aliipenda ile katuni kuliko mtu yeyote. Aliibeba kwenye simu mpaka kijiweni kwa wanywa kahawa, akawa anawaonyesha wenzake na kujipigapiga mapajani. Tukaamini hajaelewa.

Sikukuu ya Idi mdogo wangu akaja nyumbani. Baba alipoitikia marahaba tu, akamwomba amchoree nyingine. Uvumilivu ukanishinda.

"Baba, huyo jogoo unamjua?"

"Namjua tangu siku ya kwanza. Kofia si yangu hiyo?"

"Na bado unacheka?"

Akavuta sahani ya pilau karibu. "Zamani nikipita, watu walikuwa wananiuliza habari za shamba. Sasa wananiuliza habari za jogoo. Mdogo wako kanisaidia sana."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeshukuru kweli. Mama alikuwa mlangoni na jagi la maji. Alilitua mezani, akarudi jikoni. Mdogo wangu hakula. Alichukua mkoba wake, akaenda stendi kutafuta gari la Mikumi, nami nilimsindikiza.

Siku hizi anachora tembo na nyani, wageni wanapenda. Ya nyumbani hachori tena. Mama anakodi kipande kwa jirani hukohuko Rudewa, na njia ya kufika inapita kandokando ya ule uzio mpya. Niliwahi kwenda naye. Alitembea na jembe begani, akinisimulia bei ya mbegu, na hakugeuza shingo hata mara moja.