Kiatu cha Kushoto cha Anuari

Dada mmoja aitwaye Mgeni anauza viatu vya mtumba Mchikichini, na ana utaratibu wake. Ukipenda kiatu na mfuko haujakaa sawa, unaondoka na cha kushoto, cha kulia anakuwekea mpaka ulipe. Hapo hakuna mwingine wa kuvinunua. Ukikawia mno anakufuata mpaka nyumbani, na mdomo wake hauna breki.

Mdogo wake Anuari, msukuma mkokoteni wa Kariakoo, alikodiwa na mtu asiyemjua kupeleka vitenge Ilala. Kumbe ni vya wizi. Mwenye vitenge akatoweka, Anuari akafungwa miaka mitatu. Mgeni alilia siku mbili, kisha sokoni wakamwambia rufaa ina siku arobaini na tano. Akatulia, akaendelea na biashara.

Jumatano Khushi, wakili kijana, akaja na kiatu chake cha kushoto kufuata cha kulia. Mgeni akamweleza habari ya Anuari.

"Arobaini na tano ni za kuleta sababu, dada. Kwanza ndani ya siku kumi mnatoa notisi kwamba mnakusudia kukata rufaa. Hukumu ilitoka lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Basi mwisho kesho."

Mgeni akakalia robota la viatu. "Yaani hiyo notisi ndiyo kiatu cha kushoto. Sababu ni cha kulia, kinafuata."

Khushi akacheka. "Chuoni hawakunieleza vizuri hivyo. Nenda gerezani asubuhi, mdogo wako atie saini mbele ya bwana jela, wao wataipeleka mahakamani."

Alhamisi ndiyo siku ya kufungua robota, wateja wazuri wote wanakuja alfajiri. Pius, jirani wa meza, alipomwona anafunika biashara alidhani kuna msiba.

"Nifungulie robota wewe," Mgeni akamwambia, akaenda zake.

Saa sita alirudi na nakala ya notisi yenye mhuri wa tarehe ile ile, anatabasamu peke yake. Kwenye mabaki ya robota akaona jozi nyeusi namba tisa, saizi ya Anuari. Cha kushoto akakitia kwenye mkoba pamoja na nakala, cha kulia akakitundika.

Mteja mmoja akakishika. "Mwenzake yuko wapi?"

"Kina mwenyewe hicho. Cha kushoto kishachukuliwa," akasema Mgeni. "Atakuja kukifuata."