Kondoo wa Senegali

Naanza na aibu yenyewe, msije mkahangaika kuitafuta: mimi, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne, nilizima televisheni Afrika ikiwa imeshafunga goli, tena nikawaongoza wageni wangu kusikitika.

Ilikuwa mwaka ule maneno ya mkoa mpya yamepamba moto, kila mtu anasema tunaondolewa Mkoa wa Arusha, na kitongojini kwetu hapa Gendabi televisheni ilikuwa moja tu, yangu, isiyojua rangi na inayokula betri ya gari (mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na wa kwanza kuuita huo uvivu ni baba mkwe wangu wa Nangwa, ambaye tangu nimwoe Rebeka hakuwahi kukanyaga kwangu). Basi iliposikika kwamba Kombe la Dunia linafunguliwa na Senegali, wageni kabisa, dhidi ya Ufaransa, mabingwa wenyewe, wiki nzima kule mashineni hayasagwi mahindi, yanasagwa maneno. Na huyo baba mkwe kwa mpira haambiliki. Nikamwalika, akakubali! Kwa furaha nikaropoka mbele ya watu, "Senegali wakipata goli moja tu, namchinja yule kondoo mnene."

Siku yenyewe sebule ilijaa mpaka dirishani. Shikamoo zikaisha, mzee akapewa kiti changu, jirani yetu Mama Paskalina akakalia ndoo. Picha ikaja na chenga zake, sauti haikuja kabisa.

"Sasa wetu ni wepi?" mzee akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Nikasema, "Rahisi, baba. Weusi ni Senegali, wazungu ni Ufaransa."

Wakaingia uwanjani. Weusi huku, weusi kule!

"Wazungu wamechelewa?" Mama Paskalina akauliza.

Nikawaza, mzungu ni tajiri, lazima jezi yake ndiyo inayong'aa. "Wenye nyeupe ndio Ufaransa!" nikatangaza kama mwalimu mkuu, na sebule nzima ikaanza kuwazomea wa nyeupe na kuwapigia makofi wa jezi za giza, mzee akiwa mbele. Mara wa nyeupe wakafunga. Mmoja akatandika jezi yake chini, wenzake wakaizunguka wakicheza.

"Mbona Wafaransa wanacheza ngoma?"

"Wanatudhihaki, baba."

Mzee akainamisha kichwa, nami nikashindwa kuvumilia, nikachomoa waya ("tusiharibu betri kwa msiba"), nikatoka nje nikamfungua kondoo, akakimbilia wenzake malishoni. Watu wakatawanyika kama wametoka kuzika.

Walifika dukani tu, redio ikawaambia goli ni la Senegali. Unadhani walisema nimekosea? Walisema nimelificha goli ili nisichinje! Mpaka namkamata yule kondoo, nimechanika suruali, Rebeka analia mlangoni, mzee alishapanda baiskeli yake na kuondoka bila hata kuonja mchuzi.

Tangu hapo simwelezi mtu chochote kinachoonekana kwenye kioo. Ukiniuliza nani anacheza, nakukaribisha chai. Ila hilo halikumzuia Mama Paskalina, ambaye kesho yake baada ya mechi alipitia Nangwa, akarudi moja kwa moja hadi mlangoni kwangu, wala hakuketi:

"Baba Eliya, mzee anasema mpira ameuelewa vizuri. Ambacho hajaelewa ni binti yake aliona nini kwako."