Farasi Mwenye Mguu Uliofungwa

Mpaka leo plastiki ikiungua mahali, mie huondoka. Juzi jirani yangu hapa Kilakala alikuwa anachoma takataka, ndoo iliyopasuka na malapa ya watoto, moshi mweusi ukavamia nguo nilizoanika. Nikatoka mbiombio kwenda kumpa vidonge vyake. Nilipofika uani nikasahau hata nilichotaka kusema. Ile harufu ilikuwa imeshanifikisha Mgeta, nina miaka tisa, nimesimama mbele ya wazee wa ukoo na kitu kidogo mfukoni.

Ngoja niwasimulie, maana watoto wa siku hizi wana midoli mpaka wanaikanyaga. Sisi tulikulia kwenye foleni: sabuni foleni, sukari foleni. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Ghafla soko la Morogoro likajaa marobota ya mitumba, na katikati ya makoti mazito yasiyofaa kwa joto letu vikawa vinadondoka vitu vya ajabu. Humo ndimo alimotoka farasi wangu wa kwanza, mweusi, wa plastiki, ameinua mguu wa mbele kama anayetaka kubisha hodi. Baba alishanionya nisilie sokoni. Nililia, akaninunulia. Basi nikawa mgonjwa wa farasi. Muuza mitumba akanizoea, akimpata mwingine ananiwekea, na mwaka haukuisha nikawa nao wanane. Niliwaogesha kwa sabuni, nikawachana mikia kwa mswaki mkuukuu, nikawapanga dirishani kwa kimo. Farasi wa kweli sikuwahi kumwona, wala mtaani kwetu hakuna aliyewahi.

Likizo ilipofika nilipelekwa Mgeta kwa Bibi Fabiola, mama yake mama. Mama aliniambia farasi niwaache nyumbani. Niliwaviringisha ndani ya gauni la kanisani nikapanda nao milima.

Sasa Mgeta ukiweka kikombe chini kinateremka chenyewe. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi, ua ni mteremko, hata kitanda cha Bibi kilitiwa mawe miguu ya upande mmoja. Siku niliyofika nilimkuta Bibi anahangaika na mwanambuzi aliyeanguka bondeni, nikamsaidia kumshika kichwa. Na farasi wangu nao wakawa kila nikiwasimamisha wanabingirika. Yule wa kahawia akavunjika mguu wa nyuma.

Palipokuwa tambarare ni mahali pamoja tu: juu ya chemchemi, kwenye kijumba cha nyasi ambako ukoo wetu hupelekea mizimu unga na pombe. Bibi alikuwa Mkatoliki wa kwenda na rozari mpaka shambani, na papo hapo ndiye aliyekabidhiwa na ukoo kazi ya kupafagia. Watoto tulikatazwa hata kusogea. Lakini jamani, palikuwa pasafi, nyasi fupi, nami nilikuwa na farasi wanane wanaotaka malisho! Bibi akienda kupalilia njegere, mie huyoo. Jioni nawaficha ndani ya nyasi za paa, isipokuwa yule mdogo kabisa, mtoto wa farasi asiyezidi kidole gumba. Huyo nilikaa naye mfukoni.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Bibi Koleta, mdogo wake Bibi, alilima upande wa juu, na njegere zake zilikauka zikiwa na maua, wakati za Bibi karibu na chemchemi zilikuwa kijani. Wiki hiyohiyo Bibi Koleta akateleza njiani akaumia mguu. Maneno yakaanza chini chini. Nilimsikia mwanamke mmoja akiteka maji akisema kwamba anayefagia kwa mizimu anajua mwenyewe anachoomba. Aliponiona akajitwisha ndoo akaondoka.

Ukoo ukaamua kutambika. Nilipoambiwa ni kesho yake asubuhi, nikawakumbuka farasi wangu kule paani. Kulipokucha nikashika ndoo nikasema naenda kuteka maji. Bibi akasema maji yapo tele, njoo umenye viazi. Nikamenya harakaharaka mpaka nikajikata. Nilipopata upenyo nilikimbia mlima mzima bila kupumzika, na nilipojibanza kwenye miti inayozunguka kile kijumba, watu walikuwa wameshafika, hata Bibi alikuwa amenitangulia kwa njia ya mkato.

Walisimama wakitazama chini. Babu Pius, kaka yao mkubwa na kichwa cha ukoo, alikuwa na kibuyu cha pombe mkononi, hajamimina kitu. Kijana mmoja alikuwa akitengeneza nyasi za paa, farasi wakamwangukia. Wote saba walilala pale chini, na katika watu wote wale hakuna aliyejua ni mnyama gani. Mmoja alisema si punda. Mwingine akasema wala si mbuzi.

Bibi Koleta ndiye aliyehesabu. "Saba," alisema. "Na kwangu tuko saba."

Kisha akamwona yule wa kahawia. Mguu wake wa nyuma ulizungushiwa kitambaa cheupe, ukakazwa kwa uzi. Bibi Koleta akautazama mguu wake mwenyewe uliofungwa kitambaa, akakaa chini puu!

Wenzangu, farasi yule nilimjua kuliko mtu yeyote, na mie sikumfunga mguu. Jana yake nilimwacha mguu unaning'inia. Nikamtazama Bibi. Alishika ufagio wake, ameinamisha uso. Na aibu hii leo naisema: nilimwogopa bibi yangu. Nikasema moyoni, kumbe ni kweli Bibi anaroga.

"Dada, nimekukosea nini mimi?" Bibi Koleta alilia.

"Mungu ananiona, Koleta. Sijakufanyia kitu."

"Basi nani kafunga huu mguu?"

Bibi akanyamaza. Babu Pius akaweka kibuyu chini, akasema taratibu kwamba aliyeleta vitu hivi hawezi kufagia hapa wala kulala kwenye ardhi ya ukoo. Atashuka leo hii na lori la kabichi, na asirudi. Macho yote yalikuwa kwa Bibi. Akauegemeza ufagio kwenye kijumba.

Hapo nikatoka mitini. "Shikamoo Babu," nikasema, maana Mgeta hata ukienda kufa lazima kwanza uamkie. "Ni wangu. Ni wa kuchezea. Baba alininunulia sokoni."

"Kafundishwa huyo!" akadakia Bibi Koleta.

Nikamtoa yule mdogo mfukoni, nikamweka kati ya wenzake. Babu Pius akamgeuza, akaona maandishi ya Kizungu tumboni. Akawageuza na wale wengine, yaleyale. Akaniuliza:

"Wanakula nini?"

"Nyasi, Babu."

Kuna mtu aliguna. Babu akamwinua yule wa kahawia. "Na huyu, nani kamfunga mguu?"

"Mimi."

Bibi akainua macho akanitazama, kwa muda mrefu. Nikadhani atanikana. Hakunikana.

Bibi alitozwa kuku mweupe kwa kosa la mjukuu wake, mie nikala fimbo tatu, na farasi wakahukumiwa kuchomwa. Walimwagiwa mafuta ya taa, wakawashwa moto, wakalainika, wakainamisha shingo mmoja mmoja, yule mdogo akiwa wa kwanza kwisha. Nililia mpaka sauti ikakauka. Walipomshika wa kahawia, Bibi Koleta akapiga ukelele, "Huyo msimchome! Mguu wangu je?" Mmoja akataka kumfungua kile kitambaa. "Wala msimfungue!" Babu Pius aligeukia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ikaamuliwa nishuke naye mjini, vilevile alivyo.

Nilishuka, na Bibi akiwa hai sikurudi tena. Kila likizo nilikuwa na sababu: mara tumbo, mara tuisheni, mara kipaimara. Bibi alitutumia njegere kwa madereva wa malori, na salamu zilezile, mwambieni Skola aje. Nilikula njegere zile kwa wasiwasi. Alipofariki nilikuwa sekondari, nikaenda mazishini nikasimama nyuma kabisa.

Juzi basi, moshi wa jirani ulipopungua, nilifungua sanduku nikamtoa yule farasi. Miaka yote hiyo sikuthubutu kumgusa pale mguuni. Nikachukua wembe nikakata uzi. Kitambaa kilikuwa pindo la kile alichojitanda Bibi akienda kanisani. Ndani yake mlikuwa na vijiti viwili vya mianzi, vimechongwa vyembamba, kimoja kila upande, na utomvu mkavu palipovunjika. Ndivyo alivyomfunga mguu yule mwanambuzi aliyeanguka bondeni, mie nikiwa nimemshika kichwa.

Kumbe alijua siku zote ninakokwenda. Alimkuta farasi wangu ameumia, akamtibu, akamrudisha kwenye nyasi nikamkute. Na pale mbele ya ukoo, angefungua kinywa kunitaja, uchawi ungehamia kwangu. Alikuwa tayari kushuka na lori. Mie nami, kwa malipo, nikamkimbia mpaka akafa.

Nikaondoa vijiti, nikamweka mezani. Mguu umeunga. Alisimama mwenyewe, wala hakuyumba, nami nikakaa sakafuni, mtu mzima na mvi zangu, nikamwamkia Bibi kwa sauti na kumwomba radhi.