Nilisema kwa Mashine

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, nilipoteza mume wangu na nyumba yetu ya mbao kule Munigi, chini ya mlima wa volkano. Tulikuwa tumeshafika barabarani na watoto, anga yote nyekundu, yeye akasema anarudi kuchukua cherehani yangu. Nilimwambia aiache. Akaenda. Moto wa mlima ulipopoa hakukuwa na nyumba tena, bali jiwe jeusi lililojaa kiwanja kizima. Sisemi kwamba yuko chini yake. Hakuna aliyemwona. Ila hakurudi, na sina mahali pengine pa kumlilia.

Sauti yangu ilikwenda baadaye, na mlima hauhusiki. Nilipasuliwa uvimbe wa shingo, nikaamka na pumzi tu. Mtu akileta sikio karibu na mdomo wangu ananisikia. Akisogea kidogo, hasikii kitu.

Mwanzo wa 2025 waasi wakaingia mjini kwetu. Mapigano yalipopita, watu wengi walikuwa na kuta za kutengeneza, na kokoto ikapata wateja. Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipokumbuka kiwanja chetu. Akapata mtu wa kulivunja jiwe lile liuzwe kokoto, kisha akaitisha kikao cha jamaa.

Katika jamaa ya mume wangu, watu wa vilima vya Masisi, neno la kikao husemwa na mwenyewe. Hutumi barua, wala husemewi. Ukinyamaza mpaka muzee wa jamaa afunge kikao, umekubali. Shemeji alilijua hilo vizuri. Binti yangu alipojitolea kunisemea, shemeji alimjibu: "Maneno ikitoka mu kinywa ya mutoto, ni ya mutoto."

Nikaenda mtaa wa Mabanga kwa mwanamke anayewachapia watu barua, ambaye mimi humshonea nguo. Katika ordinatere yake, kompyuta ya zamani ya kubeba, kulikuwa na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Haina picha hata moja. Kioo ni cheusi. Unaandika jina la programu, kisha herufi mbili za kuiambia kwamba ni Kiswahili, kisha maneno yako katikati ya alama za kunukuu, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Mimi niliishia darasa la sita. Niliandika kwa kidole kimoja.

"Inaongea sawa muzungu mwenye mafua," nilimnong'oneza.

"Mama, mafua haimufunge mutu kinywa," akasema, akanipa mashine niende nayo.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa muzee, baba mkubwa wa mume wangu. Shemeji alisema kwa urefu kuhusu jamaa na faida. Muzee akanigeukia: "Na muke wa marehemu anasema nini?"

Nikaweka mashine magotini, nikaandika, nikabonyeza. Kimya. Kwenye kioo kikatokea kimshale kimoja, basi.

Shemeji akapiga makofi. "Muzee, hata mashine imekubali!"

Wakacheka wote. Nikatazama tena. Nilikuwa nimefungua alama, sikuifunga. Nikaifunga, nikabonyeza.

"Mimi ni muke wake," mashine ikasema. "Sijui kama yuko chini ya jiwe lile. Na ninyi hamujui. Mpaka mutu anionyeshe mahali pengine alipo, hakuna nyundo itakayogusa pale. Sikubali."

"Yesu, ni sauti ya mwanaume!" shangazi mmoja akashtuka.

"Shemeji, huyu bwana mupya umemutoa wapi?" akauliza yule mdogo wa mume wangu.

Sikuandika jipya. Kuna kitufe kinachorudisha maneno ya mwisho. Nikakibonyeza, ikayasema tena, vilevile.

"Muzee, hii ni chuma! Chuma haina jamaa!"

Nikabonyeza tena. Shemeji akapandisha sauti, mashine haikupandisha wala haikushusha. Alipanda mpaka akabaki anapiga kelele peke yake, na mashine ikamaliza sentensi yake: sikubali.

Muzee akainua mkono. "Vidole vilivyoandika ni vya nani?"

Nikavionyesha.

"Basi mwenyewe amesema. Jiwe halivunjwi."

Shemeji akasimama, akachukua kofia yake. Mlangoni akanigeukia. "Utakula lile jiwe?"

Nikaanza kuandika, herufi moja, nyingine. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alisimama pale na kofia mkononi, na jamaa yote ikangoja kidole changu. Nikafunga alama, nikabonyeza.

"Hapana. Nitalikalia."

Akatoka bila kuaga.